Nimetolewa Kifuko cha Nyongo, Mama Anadhani Nimefunga

Shangazi Zulmé mpenzi,

Nisaidie kabla Jumatatu ya Pasaka haijafika, maana siku hiyo ikinikuta hivi nilivyo sijui uso wangu nitauweka wapi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mume tuliachana zamani, watoto wangu wawili wako Texas na maisha yao, naishi peke yangu hatua chache kutoka kwa mama yangu mzazi, na kazi yangu ni kupeleka barua kwa gari kwenye barabara za mashamba ya mpunga huku Coulée Savoie. Gazeti hili lenye safu yako mimi ndiye ninayelitia kwenye masanduku ya watu kila Alhamisi, kwa hiyo barua za wenzangu nimezibeba miaka kumi na tisa bila kufungua hata moja, na hii ndiyo ya kwanza iliyo yangu. Majina tafadhali yabadilishe, maana kwetu hata mbwa wa jirani tunamjua kwa sauti.

Shangazi, tangu mwaka jana nilikuwa nikishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakipanda mpaka begani, na kila mara yalinijia nikitoka kula kwa Mama, nikila gambo lake, ule mchuzi wetu mzito, lenye unga uliokaangwa kwa mafuta ya nguruwe mpaka ukawa mweusi, au soseji zake za wali na ini, na mimi nikisema ni gesi, nikinywa soda, nikijikunja kwenye kiti cha gari mpaka yapite, hadi siku moja mwezi wa kwanza nilipotapika njiani nikaenda hospitali ya mjini, wakaniambia kifuko cha nyongo kimejaa vijiwe na kinatakiwa kitoke. Kikatoka. Mwenzangu wa kazini, nimwite Bernita, ndiye aliyenipeleka na kunilaza kwake siku nne, na nyumbani niliaga kwamba naenda kwenye mafunzo ya kazi. Mpaka leo nyumbani hakuna ajuaye, nina makovu manne madogo tumboni na Mama hajayaona hata moja.

Utaniuliza kwa nini nilificha, na hapo ndipo penye kidonda. Miaka sita iliyopita baba yetu alianguka kwa moyo akafia hospitali, na pale kwenye korido daktari mmoja kijana, hata hakuketi, alimwuliza Mama, "Ulikuwa ukimlisha nini huyu mzee?" Neno hilo moja tu. Mama alirudi nyumbani, akakiosha kile chungu kikubwa cha chuma tunachokaangia nguruwe, akakigeuza kifudifudi nyuma ya banda, na hakupika kitu kwa miezi minane, Shangazi, miezi minane mwanamke yule aliyelisha harusi na misiba ya kata nzima alikuwa akila maharage ya kopo amesimama jikoni. Ndani ya miezi hiyo mdogo wangu, nimwite Elray, alianza kunywa pombe kwelikweli, akafukuzwa kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, akaja kuishi katika nyumba ya magurudumu nyuma ya nyumba ya Mama, na nyumba yetu ikawa haina moto wala sauti. Nyumba ilifufuka siku Mama alipokigeuza kile chungu tena. Sasa niambie, ningemwendea vipi mama yule kumwambia kwamba chakula chake kimempeleka na mwanawe wa kike mezani kwa wapasuaji?

Basi nikarudi, na siku ya nane baada ya kupasuliwa ikawa Jumanne ya karamu, mkesha wa Jumatano ya Majivu, Mama amepika gambo la kuku na soseji, ananitazama, nikala bakuli mbili. Kesho yake niko barabarani na barua, tumbo likaanza kuendesha, hakuna kituo, hakuna kichaka, mashamba matupu yamejaa maji pande zote, ikanibidi nigonge mlango wa mzee mmoja ambaye mbwa wake ameniuma mara mbili, nikamwomba choo. Alinipisha, na mbwa akanitazama kwa huruma, na hapo nililia.

Jioni ile, majivu bado yako kwenye paji la uso, Mama akaniuliza kama anavyotuuliza kila mwaka, "Haya, Kwaresima hii umejinyima nini?"

Nikasema, "Mafuta, Mama."

"Mafuta gani?"

"Yote. Ya nguruwe, siagi, vya kukaanga, ngozi ya kuku, vyote."

"We! Wewe kweli mwanangu, au hospitali walinibadilishia?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu kwetu mtu hajinyimi hivi hivi, lazima iwe kwa nia ya mtu. "Kwa nia ya nani?"

Shangazi, nilikuwa nimeona njia ya kujificha siku arobaini bila mtu kuniuliza kwa nini sili, nikaipita mbio, na swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Mdomo ukasema wenyewe, "Ya Elray. Aache pombe."

Mama alinishika mikono yangu miwili akaibusu, mimi mwongo.

Ijumaa Elray akaja barazani kwangu, kofia mkononi, ana harufu ya jana.

"Dada, Mama anasema unajinyima kwa ajili yangu."

"Mama husema mengi."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Umekonda, dada."

"Nimekonda, ndiyo."

Akasimama pale akiizungusha ile kofia. "Basi kama wewe unaweza kuishi bila mafuta ya Mama," akasema, "mimi ni mwanamume gani nisiyeweza kuishi bila chupa?" Akaenda kuzimwaga nyuma ya nyumba yake, nilisikia kioo kikigongana. Tangu siku hiyo hajaonja. Kila asubuhi hutia kokwa moja ya mti wa pekani kwenye chupa ya kioo dirishani kwa Mama, na leo Jumatatu ninapoandika ziko thelathini na mbili. Amenyoa. Jumanne jioni huenda kwenye mkutano wa watu walioacha pombe kule ukumbi wa kanisa. Nimekuwa nikiziangalia hizo kokwa kuliko ninavyoangalia saa, maana naona kila moja imesimama juu ya uongo wangu.

Na mwili wangu, Shangazi, haujambo kwa sura tu. Ile karatasi ya maelekezo niliyopewa hospitali niliisoma nusu, nikaificha kwenye droo ya gari chini ya vocha, nikaamua kwamba mafuta ni sumu kwangu mpaka kaburini, kwa hiyo kutwa nzima nakunywa kahawa na biskuti kavu, halafu jioni njaa inanishika nakula sahani ya wali kama kilima kwa mkupuo, na bado tumbo linaniendesha, nguo zinanining'inia, mikono inatetemeka kwenye usukani. Nilitakiwa nirudi kwa daktari baada ya wiki mbili sikurudi, kwa sababu karani wa mapokezi ni binamu yangu na huyo ukimwambia siri jua imeshafika sokoni.

Sasa Jumatatu ya Pasaka. Watu wengine huchinja nguruwe wakati wa baridi, lakini kwetu tangu enzi za babu huchinjwa Jumatatu ya Pasaka, na ngozi na mafuta yake hukatwa vipande vikakaangwa ndani ya chungu cha chuma mpaka vikauke viwe gratoni, na kipande cha kwanza, cha moto, Mama humtia mdomoni kwa mkono wake yule aliyeweka nadhiri kubwa kuliko wote, watu wote wamenyamaza wanatazama, na kabla huyo hajameza hakuna mwingine anayeonja. Mwaka huu ni mimi. Mama amewaambia watu sitini. Amemwambia Elray ashike mwiko wa Baba, ambao haujashikwa na mtu tangu Baba afe, ndiye atakayekoroga. Nikikila hicho kipande, na baada yake hizo soseji na uti wa mgongo wa nguruwe na kila sahani watakayonisukumia wakisema Kwaresima imekwisha, nitaanguka mbele yao. Nikikikataa, nitasema nini? Nikisema kweli, Mama atakigeuza chungu, na Elray atajua dada yake hakufunga kwa ajili yake, alikuwa anaficha ugonjwa, na atarudi kwenye chupa, na huko nyuma tulishamtoa mtaroni mara mbili.

Jambo la mwisho. Mama anaipenda sana safu yako, na kwa kuwa macho yake hayasomi tena herufi ndogo, mimi ndiye humsomea kila Alhamisi jikoni kwake nikimaliza kazi, na siku hizi hata Elray huja kukaa na kahawa yake kusikiliza watu wengine walivyoharibu maisha yao. Ukiichapa hii nitairuka niwasomee matangazo ya vifo. Lakini ichape, nitaisoma kwenye gari.

Nisaidie, nimechoka kudanganya na nimechoka kuwa na njaa.

Mpeleka Barua, Coulée Savoie

*

Mpeleka Barua, binti yangu,

Majina nimeyabadilisha, na kijiji nimekipa jina ambalo hakuna ramani inayolijua. Sasa keti, na kama uko kwenye gari, zima injini.

Kwanza nikugombeze, maana nisipofanya hivyo nitakuonea huruma mno na haitakufaa. Ulilala kwenye meza ya upasuaji na katika ukoo mzima hakuna aliyejua! Kama usingizi ule usingeisha, huyo Bernita angepiga simu nyumba ipi? Angemwambia mama yako nini, kwamba umefia mafunzoni? Mwanamke aliyekwishampoteza mume hospitalini angeletewa na maiti ya binti yake, imefungwa ndani ya uongo. Ulidhani unamkinga, mwanangu, kumbe ulimtoa nje ya chumba ambacho mama ana haki ya kuwamo.

Hilo nimemaliza. Nilikuwa muuguzi wadi ya upasuaji miaka thelathini na mmoja, na kifuko changu mwenyewe kilitoka mwaka ule kimbunga kiling'oa paa la kanisa, kwa hiyo ninayokuambia sikuyaokota. Vijiwe vya nyongo haviletwi na chungu cha mtu mmoja. Huwapata wanawake kuliko wanaume, waliozaa kuliko wasiozaa, huenda na ukoo, huenda na umri, na huwapata hata wale ambao hawajaionja ngozi ya nguruwe maisha yao yote. Chakula chenye mafuta mengi huamsha maumivu pale ambapo mawe tayari yapo, na pengine huchangia, sikufichi, lakini aliyekufanya upasuliwe hakuwa mama yako. Na kuhusu yule daktari wa korido, mimi nimefanya kazi na wengi wa namna yake. Alikuwa kijana, amechoka, amempoteza mgonjwa, akatafuta mtu wa kuubeba mzigo wake. Alikosea. Moyo wa mzee hauzimwi na mkono wa anayempenda. Miaka sita hakuna aliyemwambia hivyo mama yako, basi mimi nasema.

Sasa tumbo lako. Hiyo karatasi iliyo chini ya vocha kaitoe leo uisome mpaka chini. Ini lako lingali linatengeneza nyongo kama zamani, kilichoondoka ni pale ilipokuwa ikiwekwa akiba. Wewe unakaa kwenye mpunga, utanielewa. Shamba lililopoteza bwawa halijapoteza maji, maji yanapita mferejini kidogo kidogo kutwa nzima, na mwenye shamba mwenye akili hulima kulingana na mfereji. Kwa hiyo mlo mmoja mkubwa ni adui yako hata ukiwa wa wali mtupu, na kukaa na njaa kutwa ni adui wa pili, kwa sababu nyongo inatiririka ndani ya utumbo mtupu na kuuchokoza, na wewe unaiongezea kahawa tupu juu yake. Kula kidogo mara tano au sita kwa siku. Weka kitu kwenye gari: yai la kuchemsha, ndizi, wali na kuku asiye na ngozi kwenye bakuli dogo, na usimame saa nne ule, barua za watu zitangoja. Kahawa kikombe kimoja, baada ya chakula. Uji wa shayiri, karoti, bamia na maboga uvirudishe polepole, si vyote wiki moja, utumbo hupenda kubembelezwa. Mafuta usiyaogope mpaka kaburini, mwili unayahitaji. Anza na kijiko kidogo ndani ya mlo, uone siku mbili, uongeze. Kuwa na daftari uandike ulichokula na jinsi tumbo lilivyojibu, utashangaa, kuna mtu husumbuliwa na siagi lakini jibini humwacha salama. Watu wengi baada ya miezi michache hula karibu kila kitu, kwa kiasi. Lakini hawafiki huko kwa kuruka.

Na kwa daktari urudi wiki hii. Kuendesha tumbo wiki zote hizi na kupungua hivyo si jambo la kuficha kwenye droo, na ipo dawa ya kuishika nyongo inayokimbia, ila huipati kwa maombi. Ukiona macho ya njano, homa, mkojo mweusi kama chai, au yale maumivu ya mbavuni yakirudi, hungoji miadi, unakwenda saa hiyo hiyo. Binamu yako wa mapokezi amekula kiapo cha kazi yake. Akikitapika, niandikie, nitamshughulikia kwa jina lake halisi.

Nije kwa Elray. Unasema kila kokwa imesimama juu ya uongo wako. Wewe una majivuno, binti, unajua? Kwani kila asubuhi anapoamka ulimi umekauka, ni wewe unayeamka ndani yake? Jumanne anapokwenda ukumbini kukaa na wageni na kutaja udhaifu wake kwa sauti, miguu ni yako? Alichokisikia barazani ni kwamba kuna mtu anayemtaka hai. Hilo lilikuwa uongo? Ulipoulizwa nia, ukiwa hujajiandaa, mdomo wako ungeweza kutaja mvua, ungeweza kutaja roho za marehemu, ukataja jina la mdogo wako. Mtu asiyejiandaa huokota kilicho karibu na moyo. Kanisani kaungame yaliyo ya kuungama, padri amesikia makubwa kuliko hayo, halafu hizi siku chache zilizobaki zitoe kweli kwa nia yake.

Sikuahidi kwamba hatarudi kwenye chupa. Hakuna anayeweza kukuahidi hilo, wala yeye mwenyewe. Lakini akiijua kweli kwa mdomo wako jikoni, atakasirika akiwa amekaa na watu wake. Akiijua mbele ya watu sitini, au kwa binamu, au siku utakapoanguka kwenye usukani, atakasirika akiwa peke yake, na mlevi peke yake tunajua anakokwenda.

Ndiyo maana sitaki uwasomee matangazo ya vifo. Barua yako imetoka leo, Alhamisi Kuu, na kama hesabu yangu ni sawa dirishani kuna kokwa arobaini na mbili. Nenda jikoni kwa mama yako kama kila wiki, fungua ukurasa huu, na usome kuanzia "Shangazi Zulmé mpenzi" bila kuruka. Utatetemeka. Soma huku unatetemeka. Sikulazimishi, jina lako halimo na unaweza kufunga gazeti ukasema wiki hii hakuna kitu. Ila umeniambia umechoka, na mimi njia fupi kuliko hii siijui.

Na kama umefika hapa kwa sauti, basi niongee na wanaokusikiliza.

Mama, shikamoo. Chungu chako hakikumuua mumeo na hakikumpasua binti yako. Usikigeuze. Anakuhitaji upike, ila kwa namna nyingine kwa muda, na wewe unaijua kuliko mimi, maana lazima mama yako mzazi aliipika wakati mafuta ya nguruwe yaliposhuka chini ya kopo na nguruwe mwingine hajanenepa: unga uliokaushwa mkavu ndani ya oveni, ukikorogwa mpaka upate rangi, bila tone la mafuta. Mchemshie kuku bila ngozi, uache supu ilale kwenye friji, asubuhi uyabandue mafuta yaliyoganda juu. Bakuli lake liwe dogo. Asipomaliza usinune.

Elray, mwanangu, dada yako alikuwa mgonjwa akaona aibu, ndivyo ilivyo. Kasirika kama unataka, una haki. Lakini kesho asubuhi utie kokwa ya arobaini na tatu.

Jumatatu kipande cha kwanza kitoke kwenye chungu kama desturi yenu ilivyo, kiende kwa aliyeweka nadhiri kubwa kuliko wote. Mama, unamjua ni nani. Ndiye atakayekuwa ameshika mwiko wa baba yake. Dada yake atasimama karibu, ameshika bakuli lake la wali, naye atakula akiona mdogo wake amemeza.

Sasa, Mpeleka Barua, safu yangu imeisha. Weka gazeti mezani, usieleze kitu. Mwache mama yako aseme kwanza.

Shangazi Zulmé